Shali ya Sufu na Filamu Iliyokataa Kunyooka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyeacha shughuli nyingi ili uje kukata keki pamoja nasi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu, wajumbe wa bodi, Matroni, madaktari na wauguzi wenzangu, ndugu zetu wa usafi, ulinzi, jikoni na mapokezi, ambao kwa kawaida hutajwa mwisho na leo nimewasogeza mbele kidogo, wageni waalikwa, na familia ya mama tunayemuaga, yaani mabinti zake wawili pamoja na mume wake, aliyekaa pale mstari wa kwanza akipigana na tai yake tangu saa nne: nawasalimu nyote, mwenye cheo kwa cheo chake, na asiye na cheo kwa heshima yake.

Wengi mnanifahamu. Mimi ndiye daktari ninayesoma picha za eksirei katika hospitali hii, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa. Kamati ya sherehe imenipa dakika kumi na tano, ikanipa pia orodha ya maneno yanayofaa kwa siku kama ya leo: mchapakazi, mnyenyekevu, mfano wa kuigwa. Nimeshayatumia yote matatu, nadhani mmeyasikia, kwa hiyo naomba muda uliobaki niutumie kueleza kilichotokea.

Tunamuaga mama ambaye kwa miaka thelathini na mmoja ameosha filamu za eksirei katika chumba cha giza. Kwenye orodha ya mishahara ana jina lake kamili, lakini hapa ndani, kuanzia getini hadi chumba cha upasuaji, tunamwita Mama Sufu. Wapo watumishi wapya wanaodhani ni jina la mtoto wake wa kwanza. Si hivyo. Ni jina la shali yake, na hiyo shali ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Kwa ndugu zetu msiofanya kazi ya picha, naomba niwaeleze jambo moja. Kabla ya kompyuta hizi tulizoletewa juzi, picha ya eksirei ilikuwa ni karatasi ya plastiki nyeusi, ukubwa wa sinia. Inapitishwa kwenye dawa, inaoshwa, inakaushwa, halafu inaletwa kwa daktari, ambaye anaiweka juu ya sanduku lenye kioo cheupe na taa nyuma yake, na mwanga unapopita ndipo mifupa inaonekana. Vizuri sana. Shida ni kwamba filamu ikishakauka hujikunja. Inainuka pembe huku na huku kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango. Ukiiweka kwenye sanduku haikai. Taa ya darini inapiga kwenye ule mkunjo na kukurudia machoni, na pale ulipotaka kuona mfupa unaona kimulimuli. Nani kati yenu amewahi kusoma barua iliyokunjamana huku mtu anamulika tochi usoni? Basi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na kwa kazi hiyo nikaitwa mtaalamu.

Masanduku yetu yalikuja na vibanio vya kushikia filamu. Vibanio vilikufa kimoja baada ya kingine, na kila kilipokufa tuliandika barua, na kila barua ilijibiwa kwamba suala letu liko kwenye mchakato. Wakati mchakato ukiendelea, tulibana filamu kwa plasta ya vidonda, kwa chupa ya wino, kwa kisahani cha chai, na mara nyingi kwa vidole vya muuguzi yeyote aliyekosea njia akapita karibu na mlango wetu.

Sasa katika chumba hichohicho cha kusomea picha kulikuwa na kiyoyozi kilichopoteza kitufe chake. Hakikuwa na cha kuongeza wala cha kupunguza, kilipuliza baridi kavu kuanzia asubuhi hadi jioni, na ukikaa mle saa mbili midomo inapasuka. Sisi madaktari tulikuwa tunaingia na kutoka. Mama Sufu, ambaye alileta filamu na kuzipanga, alilazimika kukaa, na ndiyo maana akaanza kuja na shali ya sufu ya kijivu. Aliifuma binti yake mkubwa, huyu hapa, akiwa shule, kwenye somo la ufumaji. Kona moja haikumaliziwa. Nimeambiwa alipata alama hamsini na mbili.

Siku moja alikuwa anafungua boksi jipya la bahasha za filamu, akatoa lile karatasi la plastiki angavu la juu, likapita kwenye shali, na alipoliweka mezani likarukia filamu iliyokuwa pale na kuing'ang'ania. Akalivuta, likarudi. Akaliinua, likainuka pamoja na filamu. Mtu mwingine angesonya, akalikung'uta na kuendelea na kazi. Mimi, kwa mfano, ningesonya. Yeye akalichukua lile plastiki, akaliweka juu ya filamu iliyokuwa inajikunja kwenye sanduku la taa, akalisugua kwa shali mara tatu. Palisikika mlio mdogo kama wa chumvi inayodondokea motoni, na filamu ikalala. Ikalala bapa, pembe zote nne, kama shuka lililopigwa pasi.

Ndugu zangu, hicho ni kitu ambacho shuleni tulikiita umeme tuli. Ni ule umeme mdogo unaosimamisha nywele ukivua sweta, au unaofanya kitana kiokote vipande vya karatasi. Sote tulifundishwa. Sote tulifanya mtihani wake. Mimi nilipata alama ya juu kabisa katika mtihani huo, cheti ninacho, na kwa miaka yote niliyokaa kwenye chumba chenye filamu, plastiki, baridi kavu na mama mwenye shali ya sufu, cheti hicho hakikuwahi kuniambia kitu.

Hakuishia hapo. Kwa wiki nzima, badala ya kula, alikuwa anajaribu. Pamba haikufaa. Kitenge chake hakikufaa. Plastiki nyembamba ilijikunja yenyewe, nene ilikataa kushika, ile ya kufunikia madaftari ya shule ikawa ndiyo. Aligundua kwamba umeme huohuo unaovuta filamu unavuta na vumbi, kwa hiyo akaanza kufuta kwanza kwa brashi laini ambayo binti yake mdogo alikuwa anapakia poda usoni, na ambayo, binti, nadhani hukuwahi kuambiwa ilikokwenda. Aligundua kwamba plastiki sharti lizidi filamu kwa vidole viwili kila upande, na kwamba unasugua kuanzia katikati kwenda nje. Na alijua jambo ambalo mimi sikulijua: kwamba ufundi huu haufai kabisa kwenye chumba cha giza, kwa sababu cheche zake, hata ndogo kiasi gani, zinaunguza filamu ambayo haijaoshwa na kuacha mistari kama matawi ya mti. Umeme aliokuwa akiufukuza kule chumba cha giza, huku chumba cha kusomea alikuwa ameuajiri. Ajira yenyewe haikupitia kwa Ofisa Utumishi, na huenda matatizo yalianzia hapo.

Alinionyesha. Nilimwambia, "Mama, hongera, umepata mchezo mzuri." Nikaendelea kutumia kisahani cha chai.

Sasa naomba niwapeleke kwenye asubuhi ya Jumanne moja, miaka kumi na miwili iliyopita.

Alikuja seremala. Alikuwa anapiga dari la darasa, ngazi ikateleza, akaangukia kiganja. Alikuja na mke wake, ambaye ndiye aliyekuwa anaongea, kwa sababu yeye alikuwa ameuma meno. Picha ya kifundo cha mkono ilipigwa, Mama Sufu akaiosha, akaileta. Ilikuwa bado na joto la kabati la kukaushia, na ilikuwa imejikunja kama kawaida. Nikaibana kwa kisahani upande mmoja, upande mwingine nikaushika kwa kidole. Nikaangalia kwa muda ambao mtu hutumia kuangalia saa.

Nikamwambia, "Hakuna mvunjiko. Umeteguka tu. Funga bandeji, meza dawa za maumivu, baada ya siku tatu utarudi kazini."

Mke akauliza, "Daktari, una hakika? Maana huu mkono ndio unaotulisha."

Nikasema nina hakika. Wakanishukuru wote wawili, wakatoka. Nimeshutumiwa na wagonjwa mara nyingi na nimesahau, lakini shukrani ile sijaisahau.

Mama Sufu alikuwa bado yuko ndani. Alichukua ile filamu, akaifuta kwa brashi, akaweka plastiki lake, akasugua. Halafu akazima taa ya darini. Akaniita.

"Daktari, hebu njoo uone hapa."

"Nimeshaiona, mama."

"Umeona taa ya darini. Njoo uone mfupa."

Sikupenda. Nataka niwe mkweli mbele ya bodi na mbele ya familia yake: sikupenda hata kidogo. Nilikuwa kijana mwenye koti jeupe lililopigwa wanga, na mwosha filamu alikuwa ananiita kama anavyoitwa mtoto aliyeacha sahani mezani.

Nikamwambia, "Mama, kazi yako ni kuosha filamu. Kusoma niachie mimi."

Akanijibu kwa upole kabisa, "Basi isome."

Nilikwenda kunywa chai.

Yeye hakwenda kunywa chai. Alivua glavu, akatoka na aproni yake inayonuka dawa, akapita mapokezi, akapita getini, akawakuta seremala na mke wake ng'ambo ya barabara kwenye duka la dawa, wakiwa wameshika vidonge nilivyowaandikia. Akawaambia, "Rudini, daktari anawaomba." Katika miaka kumi na tisa niliyofanya naye kazi, huo ndio uongo pekee ninaoujua kutoka kwake, na aliutunga ili mimi nionekane mtu mwema.

Hakuwaleta kwangu. Aliwapeleka kwa daktari wa mifupa, akamvuta daktari huyo hadi kwenye sanduku la taa, na filamu ilikuwa bado imelala pale, bapa, imeshikwa na plastiki na hewa. Chini ya dole gumba kuna mfupa mdogo, hauzidi ukubwa wa korosho. Ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ufa huo ukiachwa, damu haifiki upande wa pili wa mfupa, mfupa unakufa, na mkono unabaki na vidole vyote vitano lakini hauna tena nguvu ya kushika. Seremala akafungwa plasta ngumu, akakaa nayo wiki kumi, akapona. Kama angekwenda nyumbani na bandeji yangu, leo angekuwa anaangalia wengine wakifanya kazi yake.

Je, baada ya hapo hospitali ilifanya nini? Nadhani mnategemea niseme ilimpongeza. Hospitali ni taasisi, na taasisi huwa na utaratibu. Siku ya nne Mama Sufu alipokea barua. Barua ya onyo, yenye makosa matatu yaliyopangwa kwa namba. La kwanza, kutafsiri picha bila kuwa na sifa za kitaaluma. La pili, kuacha kituo cha kazi na kutoka nje ya geti bila ruhusa. La tatu, na hili naomba mlisikilize vizuri, kutumia vazi binafsi juu ya mali ya hospitali.

Kabla barua haijatoka, ililetwa kwangu niandike maoni kama mkuu wa kitengo. Palikuwa na mistari mitano. Niliandika neno moja: "Nakubaliana." Nikatia saini, na saini yangu, wanaoijua wanajua, ni kubwa kuliko neno lenyewe.

Mama Sufu hakukata rufaa. Alikuja kesho yake saa moja na nusu kama kawaida. Alinisalimia kama kawaida. Aliniletea filamu kama kawaida, akaziweka mezani, halafu akatoa plastiki, akalisugua, filamu ikalala, akaondoka bila neno. Alifanya hivyo kila siku. Alikuwa ameonywa kwa maandishi asifanye, na alifanya mbele yangu, kwa ajili yangu, na mimi niliyesaini onyo nikawa nasoma picha vizuri kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Watu wakaanza kunisifu kwamba jicho langu limekomaa.

Lakini Mheshimiwa Mkurugenzi, na hapa ndipo ninapotaka kukupa sifa zako, hukulala. Habari kwamba hospitali nzima inahangaika na filamu zinazojikunja zilikufikia, ukaunda Kamati ya Unyooshaji wa Filamu. Ilikuwa na wajumbe saba, mimi nikiwa katibu. Mama Sufu hakuwemo, kwa kuwa alikuwa na onyo. Tulikutana mara kumi na moja. Mkutano wa kwanza na wa pili tulijadili maana ya neno "bapa". Wa tano tuliahirisha kwa kukosa akidi. Mwishoni tulitoa ripoti ya kurasa sitini na nne, iliyosema kwamba kujikunja kwa filamu ni changamoto mtambuka inayohitaji ushirikishwaji wa wadau, na ikapendekeza ziara ya mafunzo. Ziara ikafanyika. Mimi nilikwenda. Nilinunua koti.

Tukarudi na mashine. Ilikuwa sanduku kubwa la chuma lenye pampu, inayofyonza hewa chini ya filamu ili filamu ishuke. Wazo si baya. Ila pampu ilikuwa inanguruma kiasi kwamba wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walidhani umeme umekatika na jenereta limewashwa, na wiki ya pili ilifyonza pembe ya picha ya mbavu za bibi mmoja na kuitafuna. Tuliifunika kwa kitambaa cheupe, tukaiweka kwenye kona, na kwenye ripoti ya robo mwaka tukaandika kwamba mashine imesimikwa na inatumika. Ilikuwa inatumika. Tuliiwekea vikombe juu.

Halafu ikaja siku ya ukaguzi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hii unaikumbuka, maana mkaguzi alikuwa wewe, kabla hujapanda ngazi.

Kwa heshima yako tulipaka rangi kuta za chini, kwa kuwa tuliambiwa huangalii juu. Tulipiga deki chumba cha kusomea picha kwa maji mengi, tukafungua madirisha, na kile kiyoyozi cha baridi kavu, ambacho kilikuwa kinatia aibu kwa kukosa kitufe, tukakizima. Ukaingia na msafara wako. Mkurugenzi akasema, "Na hapa tuna mfumo wa kisasa wa kunyoosha filamu," akavuta kitambaa, mimi nikabonyeza. Pampu ikanguruma, ikakohoa, ikatoa harufu ya mpira unaoungua, ikanyamaza. Filamu ikabaki imejikunja juu yake. Wewe ukaangalia saa.

Mkurugenzi akanigeukia. Mimi nikamgeukia Mama Sufu, ambaye alikuwa ameambiwa asimame nyuma ya mlango asionekane na shali yake.

Akaja mbele. Akachukua plastiki, akasugua, na kwa mara ya kwanza halikushika. Chumba kilikuwa na unyevu kwa sababu ya deki yetu, na umeme huu haupendi unyevu, unatorokea kwenye maji. Nilidhani yamekwisha. Mama Sufu hakubabaika. Alisema tu, "Naomba dakika moja," kama muuzaji anayemtafutia mteja chenji. Alikwenda chumba cha pili, akaweka plastiki na shali ndani ya kabati la kukaushia filamu, akasimama hapo mikono nyuma, na waheshimiwa kumi na wawili tukasimama tukimsubiri. Alirudi navyo vikiwa vikavu na vya moto. Akafuta kioo kwa kitambaa, akaweka filamu, akaweka plastiki, akasugua kuanzia katikati kwenda nje. Ule mlio mdogo ukasikika. Filamu ikalala.

Mheshimiwa, ulisogea ukainama. Ulisema, na mimi nilikuwa karibu nikasikia, "Hii ni nzuri sana. Inaitwaje?"

Mkurugenzi akajibu, "Ni mfumo wetu wa ndani."

Ukaandika. Baada ya miezi miwili kikaja cheti cha ubunifu, chenye jina la hospitali na saini yako, na kimetundikwa kwenye ofisi ya Mkurugenzi hadi leo, upande wa kulia ukiingia. Sisemi Mkurugenzi alidanganya. Ulikuwa ni mfumo wetu wa ndani kweli. Ila ni vizuri Mgeni Rasmi ujue kwamba mfumo huo unaumwa magoti, una mume asiyependa tai, na ulikuwa umesimamishwa nyuma ya mlango.

Naona Mheshimiwa Mkurugenzi ameinamisha kichwa anaandika. Namwomba asiandike bado, sijafika kwenye ombi.

Mnaweza kujiuliza kwa nini nayaleta haya leo, wakati keki inasubiri na kompyuta zimekuja, na picha za kompyuta hazijikunji. Sababu ni hii. Vituo vidogo vya afya, vile mnavyopita mkienda kusalimia wazazi wenu, bado vinatumia filamu, na vitaendelea kuzitumia kwa miaka mingi. Filamu zao zinajikunja kama zetu. Chuo kinachofundisha wapiga picha wa vituo hivyo kiliomba Mama Sufu, baada ya kustaafu, awe anakwenda siku mbili kwa wiki kuwafundisha vijana. Alifurahi. Mumewe aliniambia alianza kukata plastiki za mazoezi mezani nyumbani, hata pa kulia pakakosekana. Mwezi uliopita chuo kikaandika tena, kikasema kimepitia faili lake na kinasikitika, hakiwezi kumpokea mtu mwenye onyo la kutafsiri picha bila sifa.

Onyo hilo. Namba moja kati ya yale matatu. Lenye neno langu chini yake.

Alipopata jibu hilo hakuja kunilaumu. Nilimkuta chumba cha giza anapangua rafu zake. Nikamwambia nimesikia habari za chuo. Akasema, "Ni sawa, daktari. Wana utaratibu wao." Alisema bila kejeli, na ndiyo maana sikulala vizuri.

Kwa hiyo ombi langu kwa Mkurugenzi, mbele ya bodi na mbele ya Mgeni Rasmi, ni fupi. Barua ile ya onyo ifutwe, kwa maandishi, wiki hii, na nakala ipelekwe chuoni. Sikuja na ombi tupu. Siku ya Ijumaa nilipeleka masjala taarifa yangu, na karani akaipiga mhuri wa kupokelewa. Imeandikwa hivi: kwamba mimi, daktari wa picha, siku hiyo ya Jumanne, nilisoma filamu ya seremala bila kuinyoosha na bila kuzima taa, nikasema hakuna mvunjiko wakati upo, kwamba mwosha filamu aliniita nione nikakataa, kwamba alichofanya baadaye kiliokoa mkono wa mgonjwa na jina la hospitali, na kwamba maoni niliyoandika kwenye barua yake hayakuwa ya kitaalamu, yalikuwa ya mtu aliyeona aibu. Bodi ikiamua kunichukulia hatua kwa kosa hilo la miaka kumi na miwili, nitapokea, na sitauliza kwa nini imechelewa, kwa sababu aliyechelewa ni mimi.

Mabinti wa Mama Sufu, mama yenu aliwaambia alikuwa anafanya kazi ya kuosha filamu. Ni kweli, aliosha. Lakini kwa miaka yote hii watu waliingia katika jengo hili wakiwa na maumivu yasiyoonekana, na mimi nikayaona, na nikasifiwa kwa kuyaona, kwa sababu kabla sijaketi kulikuwa na mtu aliyepita pale akahakikisha kilichoko mbele yangu kimelala sawasawa. Baba, naomba umruhusu aendelee kujaza meza yako plastiki kwa miezi michache zaidi.

Naomba nimalizie kwa jambo lililotokea Ijumaa hiyohiyo. Kabla sijaipeleka taarifa yangu masjala, nilimpelekea aisome, kwa kuwa inamhusu. Alikaa nayo. Aliisoma yote, polepole, akaigeuza, akaisoma tena. Nilikuwa nimesimama mbele yake nikisubiri aseme kwamba amenisamehe, au kwamba hakunisamehe. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

Akanirudishia, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu.

"Hapa umeandika mkono wa kulia," akasema. "Ulikuwa wa kushoto. Ule ndio aliokuwa anashikia patasi."

Nilikwenda kutoa faili la seremala kabatini. Ulikuwa wa kushoto. Nimesahihisha kwa kalamu na kutia saini pembeni, saini ndogo.

Mama, asante kwa kunisomea. Nanyi nyote mliotega masikio kwa muda uliozidi ule niliopewa, asanteni sana.